Uzi wa redio ya ridhaa na Morse: Dar tumekaa pazuri mno hewani ila hatupo

Waya_Mrefu (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni. Kuna watu wameniuliza PM hii redio ya ridhaa ni kitu gani na kwanini nahangaika na Morse (herufi zinazotumwa kwa milio mifupi na mirefu) zama hizi za bando, so naandika yote hapa nisirudie kwa mmoja mmoja, na wenye uzoefu waongezee.

Kifupi ni leseni ya mtu binafsi inayokuruhusu kurusha kwenye masafa yaliyotengwa duniani kote kwa ajili ya watu wanaofanya kwa mapenzi tu, hamna biashara, hamna matangazo, hamna kupiga muziki. Unapewa jina la hewani, yaani kolisaini. Tanzania ni 5H, bara mara nyingi 5H3, Zanzibar 5H1. Kenya wao 5Z, Uganda 5X, Malawi 7Q, Msumbiji C9. Ukisikia herufi za mwanzo tu umeshajua jamaa yuko wapi.

Sasa kitu kilichonifanya nifungue uzi ni hiki. Mjerumani akiwasha redio akaita, yeye ni mmoja kati ya maelfu, anaweza kuita mpaka koo likauke na hakuna wa kumjali. Wewe wa Mbagala ukiita na 5H, watu wanakukimbilia. Huko duniani wanakusanya nchi, kuna tuzo inaitwa DXCC, ukithibitisha mawasiliano na nchi na visiwa 100 unapata cheti, na orodha nzima ina 340. Tanzania hewani tupo wa kuhesabu, kwahiyo wanatutafuta kweli kweli. Ndo maana mara kwa mara unakuta wageni wamepanda ndege na redio kwenye begi kuja Zanzibar (kwenye orodha ya visiwa Unguja ni AF-032), wanakodi nyumba ya ufukweni, wanatundika waya kwenye minazi, wanaongea na dunia wiki nzima kwa herufi zetu afu wanarudi kwao. Mi sina kinyongo nao, wakaribie sana, wanafuata leseni kama kila mtu. Kinachoniuma ni kwamba wakiondoka 5H inanyamaza, na sisi tupo hapa hapa, minazi ipo na bahari ipo.

Niwape picha inavyokuwa. Saa 9 alasiri, bendi ya mita 20, redio ipo megahezi 14.025, wati 50, antena ni waya. Naita CQ CQ DE (yaani yeyote anayenisikia, hapa ni), natuma jina langu mara mbili, namalizia na K (haya jibu). Kimya. Naita tena, anajibu Muitaliano, tunapeana 599 (alama ya kwamba unasikika vizuri kabisa), tunaagana. Hapo hapo mtu ameshaniweka kwenye ile mitandao ya kutangaziana nani anasikika wapi, basi nikimaliza tu na Muitaliano masikioni panalipuka, sauti nyembamba, nzito, nyingine zinakwaruza, zote juu ya mwenzake, hutoi hata herufi moja. Ndo unatuma UP, maana yake msiniitie hapa, pandeni kilohezi moja mbili mtawanyike, nakuja kuwasikiliza huko. Unazungusha nobu taratibu mpaka unanasa kipande, JA1 na kitu. Unarudisha JA1 na alama ya kuuliza, wenye adabu wote wananyamaza, JA1 peke yake anarudia jina zima. Unampa 5NN (ni 599 hiyo, N inakaa badala ya 9 kwa sababu ni fupi), anakupa 5NN, unatuma TU (asante), unaenda kwa anayefuata. Huyo yupo upande wa Tokyo, zaidi ya kilomita 11,000 kutoka hapa, kwake ni saa 3 usiku, na hamkuhitaji lugha yoyote ya kusemeana.

Kwanini Morse na sio maiki: sauti ya mtu hewani inachukua kama kilohezi 2.4, Morse inatosha kwenye hezi 150 hivi, kwahiyo wati zako zote zimerundikana sehemu moja ndogo. Ukiwa na kiredio cha wati 5 kwenye maiki Mzungu hakusikii, kwenye Morse anakusikia vizuri tu. Afu mtambo wake ni rahisi, kile kikiti cha Pixie ni transista mbili na IC moja ya LM386, fundi wa simu yeyote anakiunga. Kuanzia 2003 makubaliano ya kimataifa yaliondoa ulazima wa mtihani wa Morse kwenye leseni, nchi nyingi zikaufuta, Marekani wakaufuta 2007. Wanaotumia Morse leo wanaitumia kwa kupenda, na utaisikia hewani usiku na mchana.

Leseni ni TCRA (mamlaka ya mawasiliano), pale Mawasiliano Towers barabara ya Sam Nujoma. Ushauri wangu usiagize redio kwanza. Nenda kaulize leseni na kibali cha kifaa chenyewe, maana ukianza kwa kuagiza unaweza kuiacha forodhani.

kijana_wa_tandika

Mkuu nimesoma yote ila sijaelewa faida. Kama ni kuongea na Mjapani si namtafuta Facebook napiga vidio bure?

Waya_Mrefu

Mdogo wangu swali zuri. Facebook unamtafuta mtu uliyemchagua. Hapa unaita hewani na hujui nani atajibu, anaweza kuwa profesa wa Ufini, anaweza kuwa dereva wa lori kule Brazili, na jibu likija linakuja kwa waya uliokata mwenyewe ukaupandisha mwenyewe. Katikati yenu hamna kampuni, hamna mnara wala mkongo. Mei 2024 mikongo ya baharini ilipokatika unakumbuka hali ilivyokuwa, hata kutuma picha ilikuwa shughuli, mita 20 haihitaji mkongo hata mmoja.

Na pia unajifunza anga. Kuna tabaka juu huko, linaitwa F2, jua ndo linalichaji na ndo linalorudisha mawimbi chini yaende mbali. Jua lina mzunguko wake wa miaka 11 hivi, huu wa sasa ulianza Desemba 2019 na kilele chake kilikuwa 2024, ndo maana mita 10 na 15 zimekuwa tamu. Mtu aliyeanza kipindi cha jua kulala anateseka zaidi, kwahiyo nasisitiza watu waanze sasa.

Bahari_Kuu

Nimefurahi kuuona huu uzi. Mimi nimekuwa ofisa redio melini miaka ya nyuma, sasa nimestaafu niko Kigamboni. Vijana wajue kwamba hii kitu ilikuwa kazi ya uhai na kifo. Masafa yetu yalikuwa kilohezi 500. Saa ya ukutani kwenye chumba cha redio ilikuwa imepakwa vipande viwili vyekundu, kuanzia dakika ya 15 hadi ya 18 na kuanzia ya 45 hadi ya 48. Mshale ukiingia kwenye nyekundu, bahari yote inanyamaza, hakuna kutuma, kila meli inasikiliza tu kama kuna mnyonge anaita SOS. Ilikuwa hivyo kila saa, usiku kucha, mpaka mfumo mpya wa setilaiti ulipochukua nafasi rasmi tarehe 1 Februari 1999.

Mleta uzi sijaona ukigusia mkono. Siku hizi vijana wanakimbilia padeli ya elektroniki. Mimi nasema waanze na kibonyezo cha kawaida kile cha juu na chini. Mkono utoke kwenye kifundo, kiwiko kikae mezani, vidole visikaze. Dah (mlio mrefu) ni urefu wa di (mlio mfupi) tatu, kati ya herufi na herufi ni di tatu, kati ya neno na neno ni di saba. Anayejua kuacha nafasi anasomeka hata kwenye radi. Anayekimbia hasomeki hata akiwa na kilowati.

Waya_Mrefu

Shikamoo mzee wangu. Asante sana kwa hilo la saa, hao wanaosema Morse ni mchezo wa kitoto wasome hapo.

Kuhusu kibonyezo na padeli naomba tupishane kidogo kwa heshima. Kwa mtu anayejifunza mwenyewe nyumbani bila mwalimu wa kumsahihisha, padeli inampa di na dah zenye urefu sahihi tangu mwanzo, kwahiyo sikio lake halizoei makosa ya mkono wake. Nafasi kati ya herufi bado ni juu yake. Akishasoma vizuri kwa maneno 15 kwa dakika ndo ahamie kibonyezo, na hapo atafurahi.

Bahari_Kuu

Marahaba. Hoja yako ina mantiki pale ambapo hakuna mwalimu. Lakini Kigamboni mwalimu yupo, waambie waje.

mama_wawili_Tegeta

Habari zenu. Nina mwanangu wa miaka 12, anapenda sana mambo ya redio, amefungua redio yangu ya jikoni mpaka imebaki spika. Hela ya kununua hayo madude sina. Tunaanzaje?

Waya_Mrefu

Dada karibu sana na huyo mtoto usimfokee kwa hiyo redio.

Mnaanza na simu tu. Kuna kitu kinaitwa WebSDR, ni redio za kweli zimewekwa kwenye intaneti unazungusha masafa mwenyewe, ile ya Chuo Kikuu cha Twente Uholanzi ni kubwa na ni bure. Ingia, chagua modi ya CW (ndo Morse yenyewe), zungukeni kati ya 14.000 na 14.060 mchana, au 7.000 na 7.040 usiku, mtasikia Morse mpaka mchoke. Kusikiliza hivo hakuna anayekudai chochote.

Kujifunza nendeni websaiti ya lcwo.net, nayo bure. Na hapa naomba nikazie kwa sababu ndo panapopoteza watu wengi: msibandike chati ya nukta na mistari ukutani. Mtoto akikariri kwamba A ni nukta na mstari, kichwa chake kitakuwa kinasikia, kinachora, kinahesabu, afu kinatafuta kwenye chati, na akifika maneno 8 kwa dakika anagota hapo miezi. Ajue sauti nzima, kama anavyoijua bodaboda ya baba yake ikiwa bado kona ya pili, hahesabu milio ya injini, anajua tu ni yeye. Didah ni A basi.

Ndo mbinu ya Koch, jamaa alikuwa mwanasaikolojia wa Ujerumani miaka ya 1930. Unaanza na herufi mbili tu, K na M, dahdidah na dahdah, zinapigwa kwa kasi kubwa ya maneno 20 kwa dakika tangu siku ya kwanza, ila mwanzoni unaachia nafasi ndefu kati ya herufi na herufi. Ukipata asilimia 90 unaongeza herufi moja, na hivo hivo. Kila siku dakika 15 zinatosha, za asubuhi ni bora zaidi kwa mtoto. Saa nzima Jumapili pekee haisaidii kitu. Na kwenye simu ya Android ile kibodi ya Gboard ina Morse ndani yake, anaweza kuchati na nyie kwa Morse akishazijua herufi.

Akichoka na masomo mpeleke 14.100. Hapo kuna vinara 18 dunia nzima, yaani stesheni zinazojirusha zenyewe ili watu wapime anga, vinapokezana kila sekunde 10, mzunguko mzima dakika 3. Kila kimoja kinatuma jina lake kwa maneno 22 kwa dakika afu kinapiga mistari minne ya sekunde moja moja, wa kwanza wati 100, wa pili wati 10, wa tatu wati 1, wa nne wati 0.1. Ukisikia mpaka mstari wa nne jua anga iko wazi kweli. Jirani zetu Kenya wamo, 5Z4B, Afrika Kusini ZS6DN, Japani JA2IGY, Ufini OH2B.

fundi_Gerezani

Aisee mi ni fundi redio, hapa ofisini sina shida na saketi, shida yangu antena. Naishi Kimara nyumba ya bati, uwanja mdogo, jirani ukuta kwa ukuta. Waya wa mita 20 nauweka wapi?

Waya_Mrefu

Mkuu mita 20 ni urefu wa wimbi, waya wenyewe ni nusu yake. Chukua 143 gawanya kwa megahezi unapata mita. Kwa 14.05 inakuja 10.2, unakata katikati, kila upande 5.1. Ila kata 5.3 kwanza afu upunguze ukiwa na kipimo, kuunganisha waya mfupi ni kazi kuliko kupunguza mrefu. Waya wa umeme wa kawaida wa Kariakoo unatosha kabisa.

Bati ndo adui. Waya ukilala nusu mita juu ya bati hamna kitu, bati linaumeza. Inua katikati kwa bomba au mwanzi angalau mita 4 juu ya paa, ncha mbili ziteremke kama V iliyopinduliwa, pembe ya juu isibane chini ya nyuzi 90. Kimara mpo mlimani, tayari una faida ambayo sisi wa bondeni hatuna. Wenye mnazi msifunge kamba kwenye shina moja kwa moja, mnazi unayumba ukija upepo wa kusi waya unakatika, weka kapi juu, pitisha kamba, mwisho wa kamba ning'iniza chupa ya maji, mnazi ukiyumba chupa inapanda na kushuka waya uko salama. Viungio vyote viziba vizuri kwa tepu nyeusi, chumvi ya huku haina huruma na shaba.

Na masika au vuli mawingu yakianza kugeuka rangi chomoa waya wa antena kwenye redio, utoe nje ya nyumba kabisa. Kuzima swichi pekee hakutoshi.

fundi_Gerezani

Nimekusoma. Na kelele? Nimejaribu redio ya masafa mafupi home ni mvumo mtupu.

Waya_Mrefu

Hilo ndo tatizo la jiji zima. Sio redio yako, ni chaja za bei rahisi, taa za LED, king'amuzi, invata ya sola ya jirani. Fanya hivi, redio iweke kwenye betri, zima meni swichi ya nyumba yote, sikiliza. Mvumo ukishuka basi mchawi ni wa ndani, washa kimoja kimoja mpaka umpate. Kwangu ilikuwa taa moja tu ya barazani, nimeibadilisha, kelele kwenye kipimo cha redio ikatoka S7 ikaja S3, stesheni ambazo sikujua zipo zikajitokeza. Kisichoweza kutolewa kizungushie vipete vya feraiti kwenye waya wake. Umeme ukikatika mtaa mzima mi huwa nakimbilia redio kabla ya mshumaa, hewa inakuwa safi mno.

Ukishindwa kabisa, twende baharini. Antena ya kusimama, fimbo ya fiberglasi ya kuvulia mita 7 hivi na waya ndani yake, ukiisimika ufukweni maji yakiwa yanajaa, yale maji ya chumvi yanasukuma mawimbi yaende chini chini kuelekea upeo wa macho, na ya chini ndo yanayofika mbali. Wati 5 pale zinafanya kazi ambayo nyumbani wati 50 zinahangaika. Ila jamani beba leseni yako, na mwone mwenyekiti wa serikali ya mtaa kabla, mtu akikuona na waya na spika za masikioni karibu na maji lazima atauliza, na ana haki ya kuuliza.

Msomi_wa_Mzizima

Kuongezea kidogo historia, Dar na simu ya upepo ni vitu vya siku nyingi. Wajerumani walikuwa na kituo hapa, na tarehe 8 Agosti 1914, vita ya kwanza ya dunia ina siku chache tu, meli ya kivita ya Waingereza HMS Astraea ilikuja kuupiga mizinga mji huu lengo likiwa hicho kituo. Yaani kitu cha kwanza walichokitaka Dar kilikuwa mnara wa Morse.

Bahari_Kuu

Ni kweli kabisa. Na wenye umri wangu watakumbuka telegramu za posta, unalipa kwa neno, kwahiyo msiba mzima unaelezwa kwa maneno matano.

sola_na_redio

Mkuu mi ninayo leseni tayari ila nafanya FT8 tu, kompyuta inapiga yenyewe, nimefika nchi nyingi kwa wati 10. Morse ya nini sasa?

Waya_Mrefu

Hongera sana mkuu, kumbe hatuko wachache kiasi nilichodhani. FT8 siisemi vibaya hata kidogo, ametuletea Joe Taylor na Steven Franke 2017, na huyo Taylor ana Nobeli ya fizikia ya 1993. Vipindi vya sekunde 15, inasoma mawimbi ambayo sikio halisikii kabisa. Kwa kujua kama bendi iko wazi naitumia mwenyewe.

Ila jiulize ukizima kompyuta umebaki na nini. Kwenye Morse nikizima kila kitu kitu chenyewe kimebaki kichwani mwangu. Na mtu unamjua kwa mkono wake, kuna Mrusi mmoja anavuta dah ya mwisho kidogo, kabla hajataja jina nimeshamjua, na akiwa amechoka naisikia. FT8 haiwezi kunipa hiyo. Kwa kuwa leseni na antena unazo umebakiza sikio tu, na ukiita CQ kwa Morse nenda kaangalie Reverse Beacon Network, kuna redio dunia nzima zinasikiliza zenyewe na zinaandika nani amekusikia kwa nguvu gani, sekunde chache tu unaona umefika Ujerumani hata kama hakuna mtu aliyejibu.

Kitu kimoja kwa wote, logi (daftari la mawasiliano) inaandikwa UTC, saa ya kimataifa, na watu wanachanganyikiwa. Kwa saa yetu ya Kiswahili mchana ni rahisi, ongeza 3. Saa 9 alasiri ni 12 UTC, saa 12 jioni ni 15 UTC. Usiku ongeza 15 (ikifika 24 toa 24), saa 3 usiku ni 18 UTC.

mama_wawili_Tegeta

Nimerudi jamani. Tumekaa na huyu mtoto kwenye hiyo ya Uholanzi pale 14.100. Ameandika hivi, sijui kama ni sahihi: --.. ... -.... -.. -. afu milio mirefu, ya kwanza kubwa, ya pili ndogo, mingine hatukusikia. Ni nani huyo?

Waya_Mrefu

Dada huyo ni ZS6DN, Pretoria, Afrika Kusini! Mtoto amenasa herufi zote tano bila kukosea na ilikuwa inakwenda maneno 22 kwa dakika, mwambie nimempa mkono. Na mlio wa pili kusikika maana yake ni wati 10 zimetoka Pretoria zikafika Uholanzi.

Sasa kuanzia kesho asiandike tena nukta na mistari, aandike herufi anayoijua, asiyoijua aache kistari aendelee, asisimame kuifikiria. Ameshafika herufi ngapi kule lcwo? Na kama mnaweza Jumamosi njooni feri ya Kigamboni upande wa huku mjini saa 3 asubuhi, wewe na yeye, tuvuke pamoja. Mzee Bahari_Kuu upo? Kile kibonyezo chako cha melini bado unacho?

Bahari_Kuu

Ninacho, nimekisafisha leo. Waje tu, nitakuwa geti la upande wa Kigamboni. Mama mwambie aje na daftari na penseli, kalamu ya wino inakwama ukiandika haraka.